Hema na Dungu: Fasihi ya Kambi Ikisomwa kutoka Mbumbuni

Utangulizi

Ipo aina ya maandishi ambayo imekaa katika rafu za maktaba za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kwa miaka mingi bila kupewa jina. Katika makala haya itaitwa fasihi ya kambi. Muundo wake haubadiliki sana. Msafiri hutoka mbali, akapiga hema kando ya mto au kinamasi. Jua huchwa, moto hukokwa, simba hunguruma. Msafiri hukesha na bunduki yake mapajani, na kunapopambazuka huwa amejifunza jambo kuhusu nafsi yake. Kati yake na mnyama pana turubai tu, na wembamba wa turubai hiyo ndio umpao msomaji msisimko. John Henry Patterson aliandika hivyo mwaka 1907, Theodore Roosevelt mwaka 1910, Ernest Hemingway mwaka 1935. Matangazo ya kambi za watalii yangali yanaandika hivyo hadi leo, ijapokuwa hema la siku hizi lina kitanda kipana na bafu la maji ya moto.

Wahakiki wameishughulikia fasihi hii kwa njia mbili. Wapo wanaoisoma kama sanaa ya mandhari na ya nafsi, wakachambua taswira ya usiku, upweke wa msimulizi na uzito wa kimya. Wapo pia wanaoorodhesha matusi yaliyomo, wakaipiga muhuri wa ukoloni, kisha wakafunga kitabu. Pande hizi mbili hubishana kwa ukali, lakini kwa hakika zimeketi ndani ya hema moja. Wa kwanza anamsifu aliyemo hemani, wa pili anamlaani. Hakuna kati yao aliyefungua mlango wa turubai akatazama ni nani amelala nje kwenye umande.

Hoja inayotetewa hapa ni moja. Ushujaa unaosifiwa katika fasihi ya kambi umesimama juu ya kazi na vifo vya watu waliowekwa nje ya hema, na kwa hiyo nje ya hesabu. Uhakiki usiouliza habari za watu hao haujaanza kuhakiki. Unailinda kambi tu, hata unapoitukana.

Ili hoja hiyo isielee hewani, inafaa kuchagua mahali pa kusomea. Mbumbuni ni kituo cha soko katika eneo la Mbooni, Kaunti ya Makueni, upande unaoelekea Kitui. Ni nchi ya matuta, mahindi, mbaazi na kunde, na ya watu wanaoijua thamani ya mvua. Si mahali panapotajwa katika fasihi ya kambi. Hata hivyo, reli iliyozaa kitabu mashuhuri kuliko vyote vya fasihi hiyo ilipita katika tambarare iliyo kusini mwa vilima vya Mbooni, na Wakamba wamo katika vitabu hivyo kama wapagazi, wabeba bunduki, wapishi na walinzi. Kwa waandishi wa kambi, Ukambani ni nchi inayoonekana dirishani mwa treni kati ya kambi moja na nyingine. Kusoma kutoka Mbumbuni ni kulitazama dirisha hilohilo kwa upande wa nje, kwa macho ya mtu anayeiona treni ikipita.

Hesabu ya Tsavo

Mwezi Machi 1898 Patterson alifika Tsavo kusimamia ujenzi wa daraja la reli ya Uganda. Kwa muda wa miezi tisa hivi simba dume wawili wasio na manyoya ya shingoni waliwashambulia wajenzi. Mmoja aliuawa tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29 Desemba mwaka huohuo. Kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo, kilichapishwa London mwaka 1907 kikiwa na dibaji ya mwindaji Frederick Selous. Mambo hayo yanajulikana. Jambo ambalo uhakiki umelipita bila kusimama ni hesabu.

Patterson anataja wafanyakazi wa Kihindi 28 waliouawa. Kuhusu Waafrika anasema tu kwamba walikuwa wengi, na kwamba hakuna kumbukumbu rasmi iliyowekwa. Katika miaka ya 1920 yeye mwenyewe alitoa idadi nyingine, 135. Mwaka 2009 watafiti waliopima mifupa na nywele za simba hao walikadiria kwamba watu walioliwa walikuwa wapatao 35. Hivyo kwa zaidi ya karne moja mjadala umekuwa juu ya tumbo la simba: lilimeza wangapi? Swali la daftari halikuulizwa: kwa nini wengine waliandikwa na wengine hawakuandikwa? Mhindi aliletwa kwa mkataba, na mkataba una jina na nambari, kwa hiyo kifo chake kililazimika kuonekana mahali fulani katika karatasi. Mwafrika hakuwa na karatasi ya namna hiyo. Sentensi ya Patterson kuhusu kutokuwapo kwa kumbukumbu haipaswi kusomwa kama pengo katika maarifa. Ni sehemu ya usanii wa kitabu. Inamwezesha msimulizi kupata kitisho cha vifo vingi bila kulazimika kumzika mtu yeyote kwa jina.

Kuna msemo uliochakaa katika utangulizi wa tasnifu nyingi: kwamba mpaka simba wapate mwanahistoria wao, hadithi za uwindaji zitaendelea kumtukuza mwindaji. Tsavo inaubatilisha msemo huo. Simba wa Tsavo wamekwisha kupata wanahistoria. Ngozi zao ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago katika miaka ya 1920 kwa dola 5,000, zikajazwa na kusimamishwa ndani ya kioo. Filamu ya The Ghost and the Darkness iliwafanya maarufu upya mwaka 1996. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nywele zilizonasa katika matundu ya meno yao, wakatambua twiga, pundamilia, nyumbu, choroa na kuro, pamoja na binadamu. Jino la simba, basi, limeweka kumbukumbu bora kuliko ofisi ya reli. Anayekosa mwanahistoria katika kisa hiki si simba wala mwindaji. Ni aliyeliwa.

Hali ni hiyohiyo kwa Roosevelt. Mwaka 1909, mara tu baada ya kuondoka madarakani, alianza safari yake Kapiti, katika tambarare za Ukambani. Kitabu chake, African Game Trails, kina orodha ya wanyama waliopigwa risasi, aina kwa aina, wake peke yake na wa mwanawe Kermit peke yake: jumla 512. Wapagazi waliobeba mahema, chumvi ya kuhifadhia ngozi na vitabu vya kusoma jioni wanatajwa kwa mamia ya jumla. Swara mmoja ana safu yake katika jedwali. Mpagazi hana. Mhakiki anayeichambua lugha ya Roosevelt bila kulitaja jedwali hilo ameacha kusoma ukurasa ulio wazi kuliko zote.

Mgomo Ulioitwa Woga

Upande wa nje ya hema haukuwa na watu waliokaa kimya. Walisema, na kitabu chenyewe kinashuhudia, ila kimeyapanga maneno yao mahali ambapo hayawezi kusikika. Wafanyakazi walipoanza kutoweka, Patterson hakuamini habari za simba. Alidhani ni waovu kambini wanaowaua wenzao kwa ajili ya fedha. Imani yake ilibadilika baada ya jemadari Ungan Singh kukokotwa kutoka katika hema alimokuwa amelala pamoja na wenzake. Huu ni mkakati wa kisimulizi unaostahili kuchunguzwa. Ushahidi wa waliolala karibu na mnyama hauhesabiwi kuwa ushahidi mpaka mwandishi aone nyayo kwa macho yake. Msomaji naye huzoezwa kusubiri hivyohivyo.

Kisha ikaja tarehe 1 Desemba 1898. Wafanyakazi walimweleza Patterson kwamba walitoka India kuifanyia serikali kazi, si kuwa chakula cha simba. Wengi wao wakaisimamisha treni kwa kujitupa relini, wakapanda na mizigo yao, wakaondoka. Kazi ya daraja ilisimama kwa muda wa wiki tatu hivi. Katika historia ya kazi, kitendo cha watu kukataa kwa pamoja kuendelea na kazi mpaka usalama wao uhakikishwe huitwa mgomo. Katika fasihi ya kambi kimesomwa kama kioja cha woga kinachomwandaa shujaa abaki peke yake na bunduki yake. Hapa ndipo uhakiki wa fani unapojithibitisha au unapojiaibisha. Upweke wa shujaa, ambao wasomaji wa mandhari na nafsi wanaupenda sana, haukutokana na ukuu wa pori. Ulitokana na mgomo. Anayeusifu upweke huo bila kuutaja mgomo anasifu nyumba akisahau kwamba wapangaji wamehama kwa sababu inaungua.

Mfanyakazi pekee anayepewa nafasi ya kusema kwa kirefu katika kitabu hicho ni fundi mmoja aitwaye Roshan, aliyetunga shairi refu la Kihindustani mwezi Januari 1899 akimsifu Patterson. Shairi hilo limo kitabuni kwa tafsiri ya Kiingereza. Kikundi cha wafanyakazi kilimpa pia bakuli la fedha lenye maandishi ya shukrani. Msomi wa Kiswahili, aliyelelewa katika tungo za sifa na anayejua jinsi mshairi anavyoweza kumsifu mtawala huku akimfundisha kazi yake, angepaswa kuwa wa kwanza kulirukia shairi hili. Ni miezi michache tu iliyopita, mwezi Septemba, ambapo wafanyakazi wa machimbo ya mawe walipanga njama ya kumuua msifiwa huyohuyo. Je, shairi liliimbwa mbele ya nani? Lilisema nini katika lugha yake ambacho tafsiri haikusema? Maswali haya ni ya fasihi, wala hayahitaji ruhusa ya idara ya historia. Kimya kinachoyazunguka ni aibu ya taaluma.

Mfano mwingine umo ndani ya Makueni yenyewe. Mwezi Juni 1900 afisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba ndani ya behewa katika stesheni ya Kima. Alikuwa amekwenda kumvizia mnyama huyo pamoja na Wazungu wengine wawili. Inaelekea usingizi ulimchukua katika zamu yake, na simba akaingia. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi sana. Kisichosimuliwa ni sababu ya Ryall kwenda huko. Simba alikuwa amekwisha kuwatia hofu watumishi wa stesheni, watu ambao hawakuja Kima kwa usiku mmoja wala hawakuwa na behewa la kuwaondoa asubuhi. Wao walikuwa wameishi na hatari. Ryall aliitembelea. Fasihi ya kambi inajua kusimulia ziara tu.

Mkamba wa Hemingway

Watetezi wa fasihi ya kambi hukimbilia kwa Hemingway wanapobanwa. Husema kwamba yeye alikuwa tofauti, kwamba aliwapenda Wakamba waliofuatana naye, akawapa majina na tabia. Ni kweli kwamba mbeba bunduki M'Cola katika Green Hills of Africa, kitabu cha mwaka 1935, ni mhusika aliyechorwa kwa makini kuliko wapagazi wote wa Roosevelt kwa pamoja. Ni kweli pia kwamba maandishi yaliyotokana na safari yake ya 1953 na 1954, yaliyotolewa baada ya kifo chake kwa jina la True at First Light mwaka 1999 na kwa ukamilifu zaidi kwa jina la Under Kilimanjaro mwaka 2005, yamejaa Wakamba: Ngui, msichana Debba, wazee wa kijiji kilicho karibu na kambi. Msimulizi anafika hatua ya kujihesabu mmoja wao.

Hapo ndipo penye tatizo, wala si utetezi. Safari hiyo ilifanyika katika Hali ya Hatari iliyotangazwa mwezi Oktoba 1952. Kitabu chenyewe kinaanza kikiwa na hofu ya wapiganaji wa Mau Mau waliotoroka kifungoni Machakos. Mkamba nje ya hema, basi, anaweza kuwa mlinzi au adui. Mkamba wa kambini ni mwaminifu, mcheshi, stadi wa nyayo. Mkamba wa Machakos ni tetesi ya usiku. Kile ambacho simba alikifanya katika kitabu cha Patterson, hapa kinafanywa na mfungwa mtoro: anaupa usiku makali yake. Na msimulizi anayejiita Mkamba anajipa haki ya kuamua ni Mkamba yupi wa kweli. Msomaji wa Mbumbuni, ambako pia kuna watu wa Ukambani ambao hawajawahi kubeba bunduki ya mtu, hana mahali pa kusimama katika uchaguzi huo. Kumpa mtumishi jina ni hatua. Haitoshi iwapo jina hilo linaishia pale mwanga wa moto wa kambi unapoishia.

Kambi Yaingia Kiswahili

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la Kiingereza pekee. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, na wasomaji wengi wa Kiswahili wakaijua riwaya ya kusisimua kwa njia hiyo. Katika riwaya hiyo ndovu aliyejeruhiwa anamrarua mtumishi Khiva, aliyekuwa akimwokoa bwana mmoja wa Kizungu. Mabwana wanahuzunika, wanamzika, na safari inaendelea. Kifo cha mtumishi kinafanya kazi ya kupima ukubwa wa hatari kabla haijawafikia wahusika wakuu. Kanuni hiyo ilihamia katika Kiswahili bila kutozwa ushuru, na hadithi ngapi za wavulana shujaa porini zimeirudia ni suala linalongoja mtafiti.

Kinachosikitisha ni kwamba Kiswahili kilikuwa na njia nyingine tayari. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, Selemani bin Mwenye Chande anaeleza safari yake ya bara. Velten alifanya kazi chini ya dola ya Kijerumani, na maandishi hayo hayana usafi wa kisiasa; misafara yenyewe ilikuwa ya biashara, na biashara hiyo ina damu yake. Lakini kama mfano wa kisimulizi yana somo. Watu hawa walilala katika pori lilelile, na wasiwasi wao mkubwa ni hongo, njaa, maji na vita. Mnyama mkali ni mmoja wa majirani wa njiani, hakupewa kiti cha enzi. Usiku porini si mtihani wa nafsi. Ni gharama ya safari.

Wakamba nao walikuwa wakisafirisha pembe za ndovu hadi pwani tangu kabla ya hema la kwanza la mwindaji wa Kiingereza. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, alimkaribisha mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na mwaka 1851 aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana wakiwa safarini pamoja. Krapf alinusurika, akatangatanga porini kwa njaa na kiu kabla ya kurudi Kitui. Maelezo yake ya siku hizo yanasomwa kama mojawapo ya masimulizi ya mwanzo ya Mzungu peke yake katika pori la Kenya. Lakini upweke huo una chanzo: aliyeijua njia alikuwa amekufa. Kama ilivyokuwa Tsavo, ili mwandishi abaki peke yake na wanyama, ilibidi watu waondoke kwanza katika ukurasa.

Dungu

Dhidi ya hema inafaa kuliweka dungu. Kila mkulima wa Afrika Mashariki analijua: jukwaa la miti lililoinuliwa shambani, ambapo mtu huketi kuamia mazao dhidi ya ndege mchana, na dhidi ya nguruwe, nyani au ndovu kwa kadiri ya mahali alipo. Katika nyanda za chini za Makueni zinazopakana na Tsavo na Chyulu, kama Mtito Andei na Kibwezi, na katika Kitui ya kusini, kama Ikutha na Mutha, ndovu si taswira. Ni mgeni wa usiku anayeweza kumaliza mahindi ya msimu mzima kabla ya alfajiri. Aliye dunguni ana moto, bati la kugonga, tochi, na sauti yake. Yuko karibu na mnyama kama alivyo mtalii hemani, pengine karibu zaidi. Tofauti ni kwamba hakuchagua, hakulipia, na kesho atarudi. Hema limezaa maktaba nzima. Dungu halijazaa hata somo moja katika mtaala wa fasihi.

Si kwamba hakuna masimulizi. Ukambani kuna hadithi inayosimuliwa sana kuhusu asili ya ndovu. Maskini alikwenda kwa tajiri Ivonya-Ngia, ambaye jina lake humtaja mlisha maskini, akakataa zawadi ya mifugo, akataka kufundishwa jinsi ya kuwa tajiri. Alipewa dawa ampake mkewe menoni. Meno yakakua, yakawa pembe, mume akayang'oa na kuyauza. Yalipoota tena mke akakataa kung'olewa. Mwili wake ukanenepa, ngozi ikawa nzito, akaingia msituni, na watoto wake ndio ndovu. Hadithi hii imechapishwa na kutafsiriwa, lakini aghalabu huwekwa katika vitabu vya watoto. Hapo ni kuinyima uzito wake. Ni jamii iliyofanya biashara ya pembe ikijiuliza, kwa lugha ya ngano, pembe hizo zilitoka katika mwili wa nani. Ndovu wa hadithi hii ni mke wa mtu. Umaskini umo, tamaa imo, ndoa imo, soko limo. Hakuna kitabu cha kambi kilichowahi kumwuliza mwindaji swali gumu kiasi hicho.

Dungu pia linafundisha semantiki. Tsavo ilipotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1948, na hasa katika kampeni ya nusu ya pili ya miaka ya 1950, Mkamba mwenye upinde na mshale wa sumu aliitwa jangili na akafungwa. Mgeni mwenye leseni aliendelea kuitwa mwindaji mpaka uwindaji ulipopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Mnyama mmoja, kifo kimoja, maneno mawili. Fasihi ya kambi ndiyo iliyolizoesha sikio la msomaji tofauti hiyo hata ikaonekana ya kimaumbile.

Na mambo haya hayajaisha. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi 5,000,000 kwa kifo, 3,000,000 kwa jeraha linaloacha ulemavu wa kudumu, na hadi 2,000,000 kwa majeraha mengine. Ili kuidai, aliyefiwa lazima asimulie: mnyama gani, wapi, saa ngapi, nani aliona. Masimulizi hayo huandikwa katika fomu, hupitia kamati, hupimwa kama yanaaminika. Nayo ni utanzu. Una msimulizi, msikilizaji mwenye shaka, na kanuni kali za ukweli, na mwisho wake unategemea kama msikilizaji ameridhika. Mama anayeeleza jinsi mumewe alivyokufa shambani anakutana na shaka ileile ambayo Patterson alikuwa nayo mwanzoni mwa mwaka 1898: labda si simba, labda ni jambo jingine. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini katika fomu, maiti hana kisanduku cha kujaza.

Majibu kwa Wapinzani

Itasemwa kwamba Patterson alihatarisha maisha yake kweli. Hilo halikanushwi. Alikesha juu ya miti na majukwaa, na simba hawakuwa wa kubuni. Hoja si kwamba hofu yake ilikuwa ya uongo. Hoja ni kwamba hofu moja iligeuzwa fasihi na nyingine ikageuzwa takwimu isiyokamilika. Uhakiki una wajibu wa kueleza mgeuzo huo.

Itasemwa pia, hasa na wafuasi wa uhakiki wa kimazingira, kwamba mkazo huu juu ya binadamu unamrudisha mnyama kuwa adui. Ni kinyume. Anayemfanya mnyama adui ni yule anayemhitaji ananguruma kila jioni ili hema liwe na maana. Mkulima wa dunguni anataka ndovu apite. Ngano ya Ivonya-Ngia inamwita ndovu jamaa. Nadharia inayomhurumia tembo wa picha ilhali haiwezi kumsikia anayeishi naye haijawa nadharia ya mazingira. Ni tangazo la kambi lililoandikwa kwa istilahi.

Na itasemwa, kwa upande wa wale waliokwisha kuvifunga vitabu hivi, kwamba kuvisoma upya ni kuvipa heshima. Hapana. Kuvitupa ndiko kunakovipa heshima, kwa kuwa kunaacha neno lao kuwa la mwisho. Orodha ya Wahindi 28, mgomo wa Desemba, shairi la Roshan, jedwali la Roosevelt, hofu ya Machakos: vyote hivyo vimo ndani ya vitabu hivyohivyo, vinangoja msomaji anayetazama nje.

Hitimisho

Linalodaiwa si kubwa. Kitabu chochote cha kambi kikifundishwa, kifundishwe sambamba na simulizi la dungu, na kila mtahiniwa aulizwe: nani alikuwa nje ya hema, alisema nini, na kwa nini hakuandikwa? Idara za Kiswahili na za fasihi ziwatume wanafunzi wa uzamili Mtito Andei, Ikutha na Mutha wakakusanye masimulizi ya usiku katika Kikamba na kuyaleta katika Kiswahili yakiwa na majina ya wasimulizi, iwapo wenyewe wataridhia. Wanafunzi wanaotoka Mbumbuni na vituo vingine vya vilimani wamekwisha kuijua nusu ya lugha ya kazi hiyo kabla hawajafika chuoni. Chuo kimekuwa kikiwafundisha kuisahau, ili wajifunze kutetemeka pamoja na Patterson.

Kazi hiyo ina haraka yake. Masimulizi ya Tsavo ya mwaka 1898 kwa upande wa Waafrika yamekwisha kupotea, na hakuna maabara itakayoyasoma katika jino la simba. Ya usiku wa juzi bado yako hai, na wenye kuyasimulia wako shambani, macho.